Mgongo kwa Mgongo Mpaka Ndola

Vita vilipoanza kunguruma Elisabethville, mji ambao siku hizi ni Lubumbashi, nilimpeleka mke wangu kwa dada yake Ndola, ng'ambo ya mpaka, akiwa na mimba ya kwanza. Baadaye ujumbe ukaja: siku zimekaribia, anamlilia mama yake. Basi nikapewa kazi ya kumsindikiza mama mkwe kwa treni.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani, mpaka sherehe ya kuwafungulia ifanyike, na yetu vita vilikuwa vimeiahirisha. Nilikuwa nimeoa muda mrefu bila kuijua sura ya yule mama. Nilimjua kuanzia magoti kwenda chini. Safari hii alivaa kikwembe, yaani kitenge, kilichochapwa misalaba ya shaba, kile kitambaa kilichotoka pale Katanga ilipojitangaza kuwa nchi.

Ndani ya behewa tuliketi tukipeana mgongo. Kando yetu alikuwepo bwana mmoja mnene anayetafuna karanga, nasi tukamgeuza posta.

"Baba, ambia ule mama, pa Sakania, pa mupaka, bataangaria makaratasi."

"Ambia ule kijana, minasikia. Mi siko kiziwi."

Bwana akageuka huku, akageuka kule, mwisho uvumilivu ukamwishia. "Lakini mama, kijana iko hapa tu! Munagombana?"

"Hapana. Njo mukwe wangu."

"Aa! Pardon, mama." Akafuta mdomo, akaendelea kutupelekea maneno kwa heshima zote.

Mpakani askari wa Rodesia aliniuliza kama tunasafiri pamoja. Nikajibu ndiyo, macho yangu ukutani. Alikagua mzigo wangu mpaka soksi.

Ndola palikuwa na msongamano wa ajabu. Nilitembea mbele kuelekea kwenye basi, mara kwa mara nikitupa jicho chini, nyuma yangu. Misalaba ya shaba ilinifuata. Nikapanda, nayo ikapanda. Basi likaondoka, nami moyo wangu ukatulia. Nikamwomba jirani amuulize yule mama kama amechoka.

"Nani anauliza?" sauti nene, isiyo ya mama mkwe, ikajaza basi zima. "Kijana, mi sikujue! Unanitakia nini?"

Watu walicheka. Mimi niliteremka na kukimbia kurudi stesheni, na niseme kweli, niliogopa. Akilini nilimwona mke wangu akijifungua huku anamwita mama yake, na mama amepotea katika nchi ya watu kwa sababu ya adabu zangu.

Stesheni, nusu ya wanawake wa treni yetu walikuwa bado wamekaa juu ya mizigo yao. Misalaba ya shaba kila mahali! Miguu yote ilikuwa na vumbi lile lile. Nikasimama pale kama mjinga, kisha nikainua macho.

Sikuhitaji kuuliza mtu. Paji la uso la mke wangu na midomo ya mke wangu vilikuwa vimekaa juu ya furushi, vimenuna. Naye alikuwa ananitazama waziwazi, kutoka juu hadi chini, bila haraka.

"Weye njo ule?"

"Mi njo ule, mama."

Akanitazama kidogo zaidi. "Hatukuonana."

"Hatukuonana, mama."

Nikageuka, tukaenda kupanda basi jingine, mgongo wangu mbele yake kama inavyotakiwa. Safari hii alinishika shati kwa nyuma, asinipoteze tena.

Tulifika kwa wakati. Mke wangu alijifungua kesho yake asubuhi mikononi mwa mama yake. Mimi nilikaa nje, chini ya dirisha, nikisikia vigelegele na wanawake wakibishana mtoto kafanana na nani. Sauti ya mama mkwe ikawapita wote.

"Muangarie masikio! Njo ya baba yake kabisa, inasimama vile vile!"

"Mama, masikio ya baba yake uliona wapi?" mmoja akauliza. Kisha mke wangu akaangua kicheko, nami kule nje nikayafunika masikio yangu kwa mikono miwili.