Mama Matope na kiwanja kilichopigwa vigingi

Lori halijasimama sawasawa, Mama Matope ameshalielekezea maji. Anaanza na magurudumu ya nyuma. Anainama, anapitisha brashi katikati ya tairi, kisha anagonga bodi kwa kiganja.

"Bado! Usinikimbie, kaka, hujatakata."

Dereva anachungulia dirishani. "Dada, hata mke wangu haniogeshi hivi."

"Ndiyo maana unanuka. Sogea mbele kidogo."

Hapa palikuwa na kiwanda cha betri. Kilifungwa, wenyewe wakaondoka na faida, sumu wakaiacha ardhini, na hakuna mkubwa aliyewauliza kitu. Sasa panajengwa uwanja wa michezo wenye paa. Kabla ya msingi, udongo mchafu lazima uchimbwe na kupelekwa mbali. Kazi ya mama huyu ni kuhakikisha hakuna gari linalotoka na udongo huo kwenye tairi likaumwage mitaani.

Anashinda ndani ya buti, glavu na barakoa. Akirudi nyumbani huvua nguo za kazi uani kwanza. Mumewe humpokea kwa swali lile lile: "Umekula?" Anayeulizwa hivyo ana bahati kuliko anavyojua.

Lakini siku hizi kinachomkosesha raha si sumu. Ni maegesho.

Nyuma ya vyumba vyao viwili kuna kiwanja ambapo binti yake na wenzake hucheza mpira wa miguu. Hawana kingine. Mwezi uliopita wapimaji walikuja asubuhi, wasichana wako shule, wakakuta patupu, wakapiga vigingi. Kwenye ramani wakaandika kwamba eneo halitumiki. Magari ya watazamaji wa uwanja mpya yatalala hapo. Ndivyo wakubwa wanavyopanga: wanakuja kututazama wakati hatupo.

Wasichana waliporudi hawakung'oa kitu. Waliona vigingi vimenyooka vizuri, wakavifanya milingoti ya magoli.

"Vimelingana huku na huku," anacheka Mama Matope. "Nikasema, angalau kazi yao imefaa."

Akamvizia injinia wa mradi pale langoni, maana kila gari linalotoka huoshwa, hata la bosi. Alipokwisha kulilowesha akamwambia, "Baba, njoo jioni uone hapo mnapopaita patupu."

Kweli akaja. Akaja na gari, na kwa mazoea akaliegesha katikati ya kiwanja. Mchezo haukusimama. Wasichana walilizunguka kama beki mzito, mpaka mpira ukagonga mlango.

"Limenawa! Refa, gari limenawa!" binti akapiga kelele.

"Litoeni hilo, halina hata jezi!" mwenzake akadakia.

Injinia akashuka, akatazama kulia na kushoto. Mtaani kote hapakuwa na pa kusogea. "Sasa nikaliweke wapi?"

"Ndilo swali langu hilo, baba," Mama Matope akamjibu. "Na wewe uko peke yako. Siku ya mechi je?"

Akalipeleka mbali, akarudi kwa miguu viatu vimejaa vumbi, akakaa mpaka mchezo ukaisha. Alipoondoka alisema ramani itarudishwa kwenye kikao cha wiki ijayo. Alisema tu. Na maneno ya wakubwa tunayajua, hayana mkia wa kuyashikia.

Mama Matope hana ugomvi na uwanja mpya. Anautaka. Anataka kumwona binti yake akicheza chini ya taa siku moja. Kuna kitu kimoja tu hakijamwingia akilini.

"Udongo mchafu tunausafisha ili watu wacheze," anasema, huku akikamua brashi. "Halafu udongo msafi tuuzibe kwa lami ili magari yalale? Mtu anieleweshe tu."

Ameomba ruhusa wiki ijayo aende kikaoni na timu nzima, jezi zikiwa mwilini. Amepanga maneno machache ya kusema, na la mwisho analo tayari.

"Wakikubali kuja kung'oa vigingi vyao, nitawashukuru. Ila vya magoli waviache. Tumeshavizoea."