Sikio la Fundi

Fundi wa redio wa Mkunazini hakugusa spika hata siku moja kabla ya kuvua saa yake na kuitundika msumarini, mbali, kwa sababu sumaku, akisema, haina adabu. Mwaka ule wa tisini na nane Ibtisam alimwendea amchagulie spika za nyumbani. Sauti ya marehemu baba yake ilibaki kwenye kaseti moja tu, naye alitaka kuisikia hata pale mzee anapovuta pumzi. Achukue zenye amplifaya ndani yake, au zile kavu zinazotaka amplifaya ya pembeni? "Zenye amplifaya ndani, Bi Ibtisam," alisema fundi, na wateja wawili waliokaa barazani wakaitikia, maana sikio lake lilisifiwa mji mzima. Akaziwasha bila ya kaseti. "Umesikia kimya hicho? Kama maji ya mtungini."

Ibtisam alisikia mvumo, mzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Alidhani anataniwa. Lakini fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu, anausikiliza ule ukimya wake. Mteja mmoja akachungulia dirishani: "Vipi bibie, safi?" Tabasamu la fundi likakatika. Alimtazama Ibtisam midomo, si macho.

"Safi," alisema Ibtisam. "Ila mie ntachukua zile kavu."

Fundi alizifunga kamba taratibu, fundo juu ya fundo, mpaka wale wa barazani wakarudi kwenye mazungumzo yao. Alipomkabidhi, alimsogelea na kumuuliza kwa sauti ndogo, "Zile za mwanzo, zinavuma sana?"