Mume Wangu wa Jukwaani

Kwa muda wa kama miaka mitatu nilikuwa na mume kila Jumamosi alasiri. Tulioana kwenye ukumbi wa kata pale Kirumba, Mwanza, mbele ya watu waliobanana kwenye mabenchi na wengine waliochungulia madirishani. Tuligombana, akaniaga, akapotea, akarudi, tukapatana, halafu kila mtu akaenda kwao. Mimi nilirudi Igoma kwa mama yangu. Yeye alirudi kwenye chumba alichopanga karibu na Mwaloni, alikokuwa fundi wa mashine za mitumbwi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zimejaa mjini kuliko tulivyowahi kuona, na sisi vijana wa kikundi cha maigizo tulivaa vizuri jukwaani kwa sababu ya mitumba. Igizo letu lililopendwa zaidi lilikuwa la mume anayekwenda machimboni kutafuta dhahabu, akakaa huko mpaka mkewe anaambiwa amekufa. Mke nilikuwa mimi. Penye maagano alitakiwa anishike mabega aseme, "Usilie, mke wangu." Lakini mwenzangu alikuwa Mjita kutoka upande wa Musoma, na kila alipokazana ndipo ulimi ulipomponyoka. "Usirie, mke wangu," alisema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko mahali pa kulia. Mimi nilificha uso kwenye kifua chake nisionekane ninacheka. Watu walidhani ninalia, wakanyamaza, na igizo likaendelea.

Sikumbuki ni Jumamosi gani nilianza kukawia pale kifuani kuliko igizo lilivyotaka.

Siku za kazi niliuza kwenye duka la vifaa vya shule mjini. Rafu ya nyuma ilikuwa na riwaya zilizokwisha kusomwa, ambazo tajiri wangu alizinunua kwa watu waliokuwa wanahama. Mwenzangu alikuja mchana, mikono inanuka petroli, na kabla ya kugusa kitabu alikwenda nje bombani kunawa. Alinawa kama daktari, mpaka viwikoni. Halafu alisimama kwenye rafu ile akasoma, mguu mmoja juu ya mwingine kama korongo, mpaka saa yake ya chakula iishe. Tajiri hakumkataza, maana alikuwa akimtengenezea redio. Akimaliza kitabu alinisimulia, na alisimulia vizuri kuliko kitabu chenyewe. Mara nyingine nilisoma baadaye nikakuta yale niliyoyapenda hayamo.

Nguo za kikundi zilishonwa na rafiki yangu mmoja, dada wa Kihaya aliyekuwa na cherehani yake barazani Kirumba. Huyo alikuwa na karata. Alifundishwa kutazamia na mama mmoja waliyepanga naye nyumba Bukoba, na sisi tulimpenda kwa sababu hakuwahi kumtabiria mtu ugonjwa wala kifo. Alitandaza kanga, akakwambia ukate, akazipanga, kisha akakupa safari, barua, mgeni mwenye mwili mkubwa. Mama yangu alisema mambo hayo ni dhambi. Nilikubali, na siku ya pili nilikuwa barazani tena. Kopa, karata za mapenzi, zilinifuata mimi siku zote. "Huyu mtu yuko karibu," rafiki yangu alikuwa akiniambia bila kuniangalia usoni. "Yuko karibu sana." Nilikuwa natoka pale ninatembea kama aliyelishwa asali.

Mwaka mmoja tulialikwa kuigiza Nansio, kisiwani. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kupanda meli, ingawa tulikulia ziwani. Tuliigiza kwenye uwanja wa shule, Wakerewe wakatuchezea ngoma usiku kucha, na kesho yake tukarudi Mwanza, wote tumekaa juu, kati ya magunia ya machungwa. Mwenzangu alikuwa na riwaya ya dukani kwangu, hadithi ya tajiri mmoja aliyekutwa ameuawa ofisini kwake. Aliisoma kwa sauti, na watu wasiotujua wakasogea kusikiliza. Nilikaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake kila alipofungua ukurasa. Upepo ulikuwa unanipeperushia kanga, naye akawa ananishikia pindo kwa mkono mmoja, huku anasoma. Kama kuna siku moja ya maisha yangu ningeomba irudiwe, ni ile, na si siku nzima, ni hicho kipande tu.

Alipopumzika kusoma, rafiki yangu akatoa karata.

"Leo tukutazamie wewe, bwana fundi," alisema. "Kata."

Akakata. Rafiki yangu akazipanga, akazitazama kidogo.

"Naona safari. Unarudi ulikotoka. Na hapa yupo malkia wa uru. Amekaa, anakungoja, upande wa mashariki."

Wenzetu walicheka. Yeye hakucheka. Rafiki yangu akakusanya karata zake, akaenda kutafuta chai, na wengine wakamfuata.

"Ni kweli," aliniambia. "Kuna mtu nyumbani."

"Mtu gani?"

"Ni mwalimu. Wazee wetu wamekaa, wamekubaliana. Nimeonana naye, ni mtu mwema. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine."

Nilitazama maji. Mawe ya Mwanza yalikuwa yameanza kuonekana, madogo bado. Maneno nilikuwa nayo mengi mdomoni, lakini yote yalikuwa ya mke yule wa jukwaani. La kwangu mwenyewe sikulipata hata moja.

"Haya, endelea kusoma," nikamwambia. "Tutafika hatujajua nani alimuua tajiri."

Akafungua kitabu. Alisoma mpaka meli ikatia gati, na hatukufika mwisho. Jumatatu alikirudisha dukani, amekimaliza peke yake. Hakunisimulia, wala sikumwuliza.

Baadaye nilimwendea rafiki yangu, nikamwuliza alijuaje. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Sikujua," alisema. "Kwao ni Musoma, na kijana wa umri ule hakosi mtu anayemngoja kwao. Nilitegemea akatae." Akafunga fundo. "Nilitaka akatae mbele yako, mdogo wangu."

Hatukuigiza muda mrefu baada ya hapo. Karibu na ukumbi palifunguliwa kibanda cha video, na watu walipojua kuna picha za mapigano kila siku, Jumamosi zetu zikabaki na wazee na akina mama wenye watoto mgongoni. Siku moja tuliigiza maagano huku milio ya ngumi inatuingilia dirishani. Hakuna aliyetangaza kwamba kikundi kimekufa. Tuliacha kuja, mmoja mmoja. Mwenzangu alikuja dukani kuniaga, akaninunulia soda, tukainywa tumesimama mlangoni, tukazungumza habari za mashine. Maneno ya maagano aliyoyasema mara nyingi vile jukwaani hakuna aliyeyagusa.

Niliolewa na dereva wa malori, mtu mtulivu, tukajenga Buswelu. Niliacha duka nikaanza biashara ya mitumba, na biashara ndiyo iliyonifikisha Musoma. Nilijiambia nimefuata wateja. Lakini kabla sijafungua hata robota moja nilikuwa nimeshauliza kwa fundi wa mashine za mitumbwi ni wapi.

Nilimkuta uani, amenenepa, mashine imefumuliwa mbele yake kwenye gunia. Aliinuka, na kabla ya kunipa mkono akaenda kunawa. Mkewe alitoka jikoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya darasani.

"Ndiye huyu?" alimwuliza mumewe. Kisha akanishika mikono yote miwili. "Karibu, mke mwenzangu. Nimekusikia siku nyingi."

Alisema kwa utani, na utani wake haukuwa na mwiba. Alinipikia ugali wa muhogo na samaki, akakaa nami mkekani. Tulipomaliza kula akataka tumwonyeshe lile igizo, hata kidogo, watoto waone.

"Nimesahau maneno," mwenzangu alisema, anawatazama watoto.

"Na mimi pia," nikasema.

Jioni mkewe ndiye aliyenisindikiza stendi, amenibebea mfuko. Njiani aliniuliza bei za mitumba ya watoto, nikamwahidi kumletea. Tulipoliona basi akasimama.

"Hajasahau," alisema. "Huwa nayasikia yale maneno ya kuaga akiwa peke yake na mashine zake. Ya kwake anayasema, halafu ananyamaza kidogo, halafu anaendelea. Nilikuwa nataka nijue unavyomjibu."

Nilimjibu kwamba mke yule hasemi kitu pale. Analia tu.

"Kumbe," alisema, akanipa mfuko wangu.

Nilifika Buswelu kumekwisha kuwa giza. Mume wangu alikuwa amepika mwenyewe, akaniwekea chakula mezani, akaniuliza Musoma kukoje. Nikamwambia kuna upepo mwingi. Akasema ndivyo kulivyo, akanisogezea chumvi.