Nywele za Mama Nyuma ya Jiko

Nilipokuwa mtoto hapa Kamenu, niliamini kwamba rundo la mboji la cucu linapumua. Asubuhi za baridi ya Julai lilitoa mvuke nyuma ya jiko. Cucu, mama yake mama, alikuwa amechomeka ufito mrefu katikati. Aliuchomoa na kunishikisha ncha yake. Ilikuwa na joto kama mkono wa mtu.

"Limekula vizuri," alisema.

Alililisha maganda ya ndizi, majani makavu, samadi ya mbuzi na majivu kidogo. Mifupa na mabaki yenye mafuta alikataa, kwa sababu ya panya na mbwa. Mashina ya nyanya yenye ugonjwa aliyachoma. Lakini kitu alichokikataza kwa sauti ya chini ni nywele. Zetu zilitupwa chooni, hata zile zilizobaki kwenye kitana.

"Udongo ukishamwonja mtu," aliniambia, "utamwita aje mzima."

Mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha juisi mpaka alipougua. Dawa za hospitali zikamtoa nywele. Asubuhi moja alizikusanya kutoka kwenye mto, akatoka nazo nje akiwa amejifunga leso kichwani, akaanza kuzifukia kwenye mboji.

"Haiya! Unafanya nini?" cucu alipiga kelele.

"Maitu, mama yangu, nywele ni mbolea. Wacha nilishe sukuma wiki zako."

"Zitoe. Nakuomba, mtoto wangu."

"Na nikizitoa, nitapona?"

Mama akacheka, akanigeukia. "Na wewe Njeri, macho hayo ya nini? Ni takataka tu."

Tangu siku hiyo, kila nikitoka shule nilipitia nyuma ya jiko kwanza, nikaliomba lile rundo lisimwite. Mama alizikwa baridi ikiisha.

Mvua fupi zilipokaribia, cucu alilipindua rundo kwa jembe la meno. Maganda, majani, samadi, vyote vilikuwa vimegeuka udongo mweusi. Kisha meno ya jembe yakainua fundo la nywele, bado nyeusi, bado nzima. Cucu akaliachia jembe.

"Hili tulitupe lote."

"Cucu, huyo ni mama."

Alinitazama sana. Halafu akapiga magoti, akalirudisha lile fundo na kulifunika kwa mikono yake miwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto blanketi. Hatukupanda chochote kwa mboji ile. Mwaka huo sukuma zetu zilikuwa nyembamba na za manjano, na ndizo tulizokula.

Shule yangu iliishia kwenye mazishi yale. Cucu hakuwa na mtu mwingine. Sasa mimi ndiye ninayelima, na nina rundo langu upande wa pili wa ua. Afisa wa kilimo amenieleza kwamba nywele huchelewa kuoza. Najua pia kwamba rundo lisilolishwa hupoa. Lakini Julai iliyopita niliuchomeka ufito kwenye lile la zamani, nikauacha ulale humo. Asubuhi ulitoka na joto. Sikumwambia cucu.

Sijui kama udongo ulimwita mama. Nafikiri alishajua anaondoka, akachagua pa kubaki, mahali tunapopita kila siku tukienda kupika. Nywele zangu bado nazitupa chooni. Pale nyuma ya jiko pana mwenyewe.