Filamu ya Wapili

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na mtaani hawamwiti jina lake. Wanamwita Wapili. Miaka saba mfululizo ameshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kutunisha misuli, na anayemshinda ni mtu yuleyule, dereva tunayemwita Lori. Wapili aliamini majaji wanambania. Nami, dada yake, niliwatukana majaji hao miaka yote saba bila kuwajua hata sura.

Basi wakaja watu wa kamera, wakasema wanatengeneza filamu ya maisha yake. Mdogo wangu akapaka karakana rangi, akanunua na zulia. Siku tatu wakamhoji, na kila swali lilianzia kwake likaishia kwa Lori: Lori anakula nini, Lori anaamka saa ngapi. Nilitamani kuwatimua kwa mwiko. Yeye aliwajibu kwa upole, maana alitaka kitu kimoja tu: watu wayaone mashindano yenyewe, waamue nani alistahili.

Filamu ilipokamilika tuliitazama sebuleni kwake Jumapili mchana, mimi na yeye. Likaonyeshwa jukwaa la mwaka jana. Wamesimama wawili wakiwatazama majaji, na Mungu ananiona, mdogo wangu alikuwa amemzidi Lori kifua, mikono, tumbo, kila kitu. Akanisukuma bega kwa furaha.

"Umeona, dada?"

Kisha pale jukwaani wakageuka.

Mgongo wa Lori ulikuwa umejaa toka mabegani hadi kiunoni. Wa mdogo wangu ulikuwa mgongo wa karani. Hakuwahi kuwa na mwalimu. Alifanya mazoezi peke yake mbele ya kioo, akajenga kile alichokiona. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kujiona kwa nyuma. Akairudisha picha, akaitazama tena, mara tatu.

"Nguo zangu unazishona wewe," akasema. "Ulijua?"

Nilijua. Kila mwaka nilimwongezea kitambaa kifuani, na mgongoni kipimo hakikubadilika hata kidogo. Nilidhani nikimwambia nitamvunja moyo, na kuwatukana majaji kulikuwa rahisi zaidi. Nikamjibu ndiyo.

Akazima televisheni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Miaka saba, dada," akasema.