Mipira ya Theluji Katika Mchanga wa Bidiya

Wiki iliyopita kijana wa mdogo wangu alikuja Ibra kunichukua, anipeleke Sur kwa mama yake. Barabara ya siku hizi ni pana na imenyooka, na gari lake halina sauti. Unakaa ndani kama umekaa ukumbini, milima inakupita dirishani. "Mama mkubwa, mbona kimya?" akaniuliza. Nilikuwa nasikiliza. Njia ile nikiipita huwa nasikiliza, na wewe nitakwambia kwa nini.

Tulikuwa watatu, mimi mkubwa. Tulitoka Unguja kuja Omani tukiwa wadogo, na hatukukaa sana Ibra baba akafariki, kisha mama. Mama alinishika mkono akaniambia, "Wenzako wasitawanyike." Niliacha shule, nikawa napika, nafua, nateka maji falajini, kwenye mfereji wa mji, na bibi mzaa mama ananielekeza kutoka kwenye mkeka wake kwa sababu miguu ilikuwa imemchoka.

Mwaka ule mjomba, mtoto wa bibi, alirudi kutoka masomoni Ulaya. Hakuja kwa ndege. Alikuja na gari, ameliendesha nchi hadi nchi. Watu walijaa uani, na walichokuja kutazama si gari bali mipira ya magurudumu yake. Ilikuwa minene, ina mifereji inayomeza kidole, na imepandwa vichwa vya misumari midogo ya chuma, vinang'aa. Mjomba akatueleza kuwa kule maji ya ziwa huganda, na magari yakapita juu yake, misumari ikishika barafu.

"Gari juu ya maji?" bibi akauliza.

"Wallahi, mama. Nimepita mwenyewe."

"Astaghfirullah. Na wewe ukapita!"

Mimi barafu niliijua ile ya kwenye sharbati tu. Niliweka kiganja juu ya mpira nikahisi nagusa dunia nyengine.

Mipira ya kawaida ya kipimo kile haikupatikana kwetu, basi mjomba akaendelea na ile ile. Kwenye lami ililia tik-tik-tik, kama mvua juu ya mabati. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikuwa wa kwanza kuisikia. Hata gari halijaonekana, yeye keshatoka mbio na mkate mkononi.

Kisha ndugu wa baba wakamchukua akakae Sur kwa shangazi. Kwa muda tu, walisema. Mpaka asubuhi moja ya kiangazi dereva wa lori la samaki alipotuletea habari: shangazi na mumewe wanahamia Abu Dhabi na mtoto wanaye. Wanangoja jua lipoe tu, Magharibi waondoke.

Mjomba alitazama jua, akatazama mipira. "Joto hili litaila," alisema. "Mpira wa theluji ni laini."

"Basi nitakwenda kwa miguu," nikasema, nikaanza kufunga mkate wa kumimina na tende kwenye kitambaa. Bibi akacheka. "Huyu ni mama yake mtupu. Yallah, washa gari."

Tukaondoka, mjomba, mimi na mdogo wangu wa kiume. Tulipofika Bidiya lami ilikuwa inameta kama samli. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani, na misumari ikaanza kuchomoka, ikigonga chini ya gari, kwa! kwa! Mdogo wangu akajifunika kichwa. Mjomba akasimama, akafanya ambalo kila mtu wa kwetu Sharqiya angelifanya: akapunguza upepo wa mipira. Sisi watu wa kando ya mchanga, gari likitusumbua, kwanza tunapunguza upepo. Lakini mchangani ni mchangani, na lami ni lami. Mipira ilijilaza, ikazidi kuungua, na ukanda wa mpira mmoja ukaanza kubanduka.

Mjomba alikaa kando ya njia, kichwa mikononi. Nikatazama kivuli cha gari, kilikuwa kimeshaanza kurefuka. Pembeni yetu palikuwa na njia ya zamani ya malori, ya kabla ya lami, inayofuata ukingo wa mchanga mwekundu.

"Mjomba," nikasema, "theluji ni ngumu kama lami?"

"Hapana. Ni laini, kama…" Hakumaliza. Aliinuka, akakata ule ukanda kwa kisu, akapindisha usukani kuelekea mchangani.

Nikikueleza utasema nazidisha. Kelele ilikatika. Gari lililokuwa likilia tangu Ibra likawa linateleza, mifereji ile inashika, inaachia, inashika, na mchanga unaruka nyuma yetu kama pazia. Matuta mekundu yakapanda mpaka mbinguni. Mjomba alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Hivi! Hivi ndivyo ilivyo theluji, watoto!" Mdogo wangu akatoa mkono dirishani aishike. Na mimi, ambaye sijavuka bahari tena tangu Unguja, nimekwishaiona theluji. Ni nyekundu, na ni ya moto.

Karibu na mji wa Kamil tukarudi kwenye lami, tukajaza upepo kwa pampu ya mkono, kila mtu kwa zamu. Jua lilikuwa limelegea. Misumari iliyobaki ikaanza tena, tik, tik, kwa pengo pengo.

Kwa shangazi mizigo ilikuwa imeshafungwa juu ya gari. Na mlangoni alisimama mdogo wetu, viatu mguuni, uso umeelekea njiani. Alikuwa ametusikia.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kumchukua mwenzetu."

"Marahaba. Utamlea kwa kitu gani, na wewe mwenyewe mtoto?"

Shangazi akanipita, akainama, akatazama mipira iliyochunika, akaigusa, akaondoa kidole upesi. "Mumekuja Sur na hii?" Kisha akageuka ndani. "Leteni kahawa. Na lile furushi la mtoto, literemsheni."

Bibi hayupo tena, wala mjomba, na njia ya malori imefukiwa na mchanga. Magari yanapita Bidiya madirisha yamefungwa.

Simu ya kijana ililia tulipokuwa tunaikaribia Sur. Alikuwa mdogo wetu yule wa mwisho, ambaye sasa ana wajukuu.

"Muko wapi?"

"Tunakaribia, mwanangu, tuko njiani kwako," nikamjibu.

"Mbona siwasikii?" akasema. Nikajua kuwa amesimama mlangoni.