Punje Sita za Ongeri

Siku mbili baada ya Krismasi ya 1996 nilikuwa napita tu Kapsoit, sina haraka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, na harufu ya kiwanda ikanifuata njiani kama usingizi. Nikasikia kelele kwenye ukumbi wa wafanyakazi, nikaingia.

Walikuwa wanamaliza mashindano ya poka, mchezo wa karata ambao fundi stima wa kiwanda aliwaletea kutoka Nairobi. Walichezea punje za mahindi. Atakayezikusanya zote alikuwa achukue mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, aliyefungwa pale nje.

Walibaki wawili. Chepkirui, karani wa mizani, alikuwa na rundo. Ongeri, mchuma chai wa kutoka Kisii, alikuwa na punje sita, na kila mzunguko ulimla mbili. Ng'ombe wake alikufa mwezi wa nane. Tangu hapo watoto wanakunywa strungi, chai isiyo na maziwa.

Ongeri akagawiwa karata zake mbili, saba na tatu, hafifu kabisa. Karata za mezani, zile ambazo wote wawili huzitumia, hazijafunuliwa hata moja, na yeye akasukuma punje zote.

"Baba Moureen, unaota?" Chepkirui akamcheka Ongeri. "Nakufuata!"

Chepkirui alikuwa na malkia, na za mezani zilipofunuliwa, malkia akatosha.

"Wazimu," akasema Kipyegon, jirani yake Ongeri. "Saba na tatu? Hata huyo mtamba angekataa."

"Sasa angengoja nini?" fundi akamjibu. "Mizunguko mitatu, amekwisha. Mzee, wewe ni mgeni, sema ukweli."

Nikasema Ongeri alifanya sawa, ni bahati tu ilikataa. Akanishukuru kwa macho, akanialika kwake.

Tulitembea polepole, hatuoni mbele hatua kumi. Mke wake, Nyambeki, alikuwa mlangoni.

"Mtamba yuko wapi?"

Ongeri akaeleza yote. Nyambeki akasikiliza, mikono kiunoni.

"Kabla ya hizo sita ulikuwa na ngapi?"

"Ishirini. Chepkirui thelathini."

"Ukapata karata gani?"

"Mfalme na kumi."

"Ukazitupa?"

"Niliogopa. Nikasema nitangoja nzuri zaidi."

"Basi ng'ombe alipotea hapo, si kwa saba na tatu. Ungesukuma ishirini, Chepkirui angekuna kichwa, kwa sababu akishindwa anabaki na kumi. Lakini sita zinamtisha nani? Mimi nikiwa sokoni Chepilat na mkungu mzima wa ndizi, mnunuzi ananisikiliza. Zikibaki tatu na jua limeshuka, bei anataja yeye."

Hukumu yangu ya ukumbini niliiona nyepesi kama uji uliozidi maji.

Wakati huo Chepkirui akapita barabarani akimvuta mtamba kwa kamba. Ongeri aliwatazama mpaka ukungu ukafunika mkia.

Nyambeki hakutazama. Alikuwa amevuta kigoda karibu na mumewe.

"Na hizo karata," akauliza, "anaanza kugawiwa nani?"